Duka la bangi ya tiba mtaani kwenu: mwongozo kamili wa kusoma notisi, kupima na kusema kikaoni

Bahasha ya jiji, karatasi moja ndani, ramani ndogo isiyosomeka vizuri na herufi tatu: CUP. Hapa City Heights, San Diego, ambako Kiswahili cha Kongo na cha Kenya hukutana kwenye foleni moja ya duka la mboga, karatasi kama hii mara nyingi huishia kwenye pipa pamoja na matangazo ya pizza. Mama mmoja mtu mzima, tunayemheshimu sote, aliileta kwa mwanawe aisomewe wiki mbili baada ya kikao kupita. Alikuwa na hoja nzuri kabisa kuhusu duka la bangi ambalo karatasi ile ilitangaza linaombewa kibali. Haikuingia kwenye kumbukumbu za jiji, kwa hiyo kisheria ni kama haikuwahi kusemwa.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu kama yeye. Ni wa mkazi anayeogopa duka kukaa jirani na watoto, na ni wa mgonjwa anayepanda basi mbili kufuata dawa iliyopendekezwa na daktari wake. Vilevile ni wa mwenye jengo aliyejiwa na mpangaji mwenye pesa taslimu. Mifano yangu ni ya California, hasa San Diego. Jambo moja lishike tangu mwanzo: mahali pa duka la bangi huamuliwa na serikali ya mtaa, kwa vipimo na vigezo vilivyoandikwa. Ukifika na kipimo utajibiwa. Ukifika na hasira peke yake utashukuriwa kwa kuja.

Nani ana mamlaka gani

Mwaka 1996 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo 215, lililomruhusu mgonjwa mwenye pendekezo la daktari kuwa na bangi kwa matibabu. Pendekezo lile halikusema lolote la maana kuhusu maduka. Mwaka 2003 bunge la jimbo likatunga sheria ya SB 420, iliyoleta kadi za wagonjwa zinazotolewa na idara za afya za kaunti. Kaunti ya San Diego ilikataa kutoa kadi hizo na kulishtaki jimbo. Ilishindwa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Miji nayo ilikwenda kila mmoja na njia yake. Oakland ilianza kutoa vibali mwaka 2004, vinne tu. Riverside ikakataza maduka kabisa kwa kutumia sheria za matumizi ya ardhi, na tarehe 6 Mei 2013 Mahakama ya Juu ya California ikaafiki bila jaji hata mmoja kupinga: haki ya mgonjwa kutumia bangi hailazimishi jiji kuruhusu duka. Hukumu hiyo ndiyo nguzo ya kila kitu kinachofuata. Sheria za jimbo za 2015 na 2017 zililinda mamlaka hayo, na hadi leo zaidi ya nusu ya miji na kaunti za California haziruhusu maduka ya rejareja ya bangi.

Kwa hiyo kuna milango miwili. Jiji hutoa kibali cha mahali. Jimbo, kupitia idara yake ya kudhibiti bangi inayoitwa DCC, iliyoundwa Julai 2021, hutoa leseni ya biashara, na haliwezi kuitoa pale ambapo jiji limekataza. Jambo moja limeponyoka mikononi mwa miji: tangu tarehe 1 Januari 2024, chini ya sheria ya SB 1186, jiji haliwezi kuwazuia wagonjwa kupelekewa bangi ya tiba majumbani. Mgonjwa anayeishi kwenye mji uliokataza maduka asikubali kuambiwa kwamba hana njia.

Juu ya yote iko serikali ya shirikisho, ambayo kibali cha jiji hakiifungi mikono. Hilo nitalirudia kwa wasio raia, kwa sababu linaweza kumgharimu mtu uraia.

Hatua ya 1: Soma notisi siku ileile

Sheria ya California inataka notisi ya kikao cha kibali itolewe angalau siku 10 kabla, na itumwe kwa wenye viwanja walio ndani ya futi 300, yaani kama mita 91. San Diego huwatumia pia wanaoishi kwenye anwani zilizo ndani ya umbali huo, hivyo hata mpangaji hupata. Siku 10 ni chache mno ukizingatia siku ambazo karatasi itakaa kwenye sanduku la barua.

Tafuta vitu vitano kwenye karatasi: namba ya mradi, anwani ya kiwanja, jina la ofisa anayeshughulikia faili, tarehe na mahali pa kikao, na ni nani atakayeamua. CUP ni kibali cha matumizi chenye masharti. Maana yake ni kwamba matumizi hayo hayaruhusiwi moja kwa moja kwenye kiwanja, ila yanaweza kuruhusiwa jiji likiridhika na kuweka masharti. Hapo ndipo nafasi yako ilipo. Kibali kingekuwa cha kugonga muhuri tu, usingeletewa barua.

Piga picha karatasi na uitume kwenye kundi la jengo lenu. Usisubiri kikao cha jumuiya cha mwisho wa mwezi.

Hatua ya 2: Angalia zoni ya kiwanja

Kila kiwanja kina zoni, yaani kundi la matumizi yanayoruhusiwa: makazi, biashara, viwanda, na migawanyo yake midogo. San Diego ina ramani ya mtandaoni iitwayo ZAPP. Ukiandika anwani inakuonyesha zoni na mipaka ya kiwanja. Kisha fungua jedwali la matumizi kwenye sheria ndogo za jiji uone kama duka la bangi limeruhusiwa, limekatazwa au linahitaji kibali katika zoni hiyo. Ikiwa limekatazwa, safari imeishia hapo. Mwandikie ofisa wa faili mistari miwili ukitaja zoni na kifungu.

San Diego ilipotunga kanuni zake za bangi ya tiba mwaka 2014, iliruhusu maduka katika baadhi tu ya zoni za biashara na viwanda, yasizidi manne kwa kila wilaya ya udiwani. Wilaya ni 9, kwa hiyo ukomo ni maduka 36 kwa jiji zima. Ukiyachuja maeneo hayo kwa vipimo vya umbali nitakavyoeleza sasa hivi, maduka yanasukumwa kwenye mitaa ya maghala. Mimi naona hapo wagonjwa hawakutendewa haki. Mtu mwenye maumivu ya saratani asiye na gari ndiye anayelipa gharama ya ramani hiyo, na mara nyingi hayupo ukumbini siku ramani inapochorwa.

Hatua ya 3: Pima, na upime kwa namna sheria inavyopima

Hapa ndipo kesi nyingi hushinda au kushindwa, na ndipo watu wetu hukosea zaidi. Usipime kwa macho, wala kwa hatua za miguu kutoka mlango hadi mlango.

Sheria ya jimbo inaweka futi 600, kama mita 183, kati ya duka na shule ya chekechea hadi darasa la 12, kituo cha kulea watoto au kituo cha vijana, isipokuwa jiji limeweka umbali mwingine. Kanuni ya San Diego ya 2014 ilikuwa kali zaidi: futi 1,000, kama mita 305, kutoka shule, vituo vya kulea watoto, bustani za jiji, makanisa, viwanja vya michezo ya watoto, nyumba za uangalizi na duka jingine la aina hiyohiyo, na futi 100 kutoka zoni ya makazi. Kanuni imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kwa hiyo soma iliyopo leo kabla hujaandika namba yoyote.

Umbali hupimwa kutoka mpaka wa kiwanja hadi mpaka wa kiwanja. Tuseme duka linataka kufunguliwa katikati ya jengo la maduka mengi, na kutoka mlango wake hadi geti la shule ni futi 1,150. Mwombaji atasema amevuka kipimo. Lakini kiwanja cha jengo lile kinajumuisha na uwanja wa kuegesha magari, na kiwanja cha shule kinajumuisha uwanja wa mpira. Kutoka ukingo wa maegesho hadi uzio wa uwanja wa mpira ni futi 940. Kwa kipimo cha futi 1,000, duka hilo halifai.

Sasa geuza upande wa pili. San Diego inazingatia vizuizi kama barabara kuu isiyovukika kwa miguu, bonde au mfereji wa maji ya mvua. Kizuizi kikikata njia, jiji hupima kwa kukizunguka. Shule iliyo futi 700 kwa mstari ulionyooka, ng'ambo ya barabara kuu, inaweza kuhesabiwa kuwa futi 1,400 kwa kupitia darajani. Mkazi aliyepima mstari ulionyooka peke yake ataaibishwa mbele ya watu. Futi 600 za jimbo zenyewe hupimwa kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo pima mara mbili na uandike matokeo yote.

Fungua ramani ya viwanja mtandaoni, ZAPP au ile ya SanGIS, shirika la ramani la jiji na kaunti. Chagua kifaa cha kupimia, bofya ukingo wa kiwanja cha duka ulio karibu zaidi, kisha ukingo wa kiwanja cha shule. Hifadhi picha ya skrini yenye mstari, namba na tarehe. Ambatisha.

Kuna mambo mawili ya nyumbani kwetu ambayo ofisa wa jiji hawezi kuyajua usipomwambia. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki hapa hulea watoto majumbani kwa leseni. Kwa sheria ya jimbo, nyumba ya kulea watoto ya kifamilia haihesabiwi kuwa kituo cha kulea watoto, hivyo futi 600 haziilindi. Inauma, lakini ni bora ujue kabla ya kujenga hoja yote juu yake. Unaweza bado kuitaja chini ya kigezo cha usalama, na nitafika huko. La pili ni makanisa na nyumba za ibada zinazokodi kumbi ndani ya maghala. Hazina kengele wala mnara, na kwenye ramani zinasomeka kama karakana. Ikiwa jumuiya yenu husali hapo kila wiki, peleka mkataba wa pango, ratiba ya ibada na picha za mlangoni, na uombe jibu la maandishi kama mnahesabiwa.

Hatua ya 4: Omba faili

Mwandikie ofisa wa mradi kwa barua pepe ukitaja namba ya mradi. Omba michoro ya jengo, jedwali la umbali lililowasilishwa na mwombaji, rasimu ya masharti na ripoti ya watumishi wa jiji. Sheria ya kumbukumbu za umma ya California inaipa ofisi siku 10 kukujibu kama kumbukumbu zipo na zinaweza kutolewa. Huhitaji kuwa raia, wala kueleza unazitaka za nini.

Jedwali la umbali lisome mstari kwa mstari ukilinganisha na kipimo chako. Mara nyingi kosa si uongo. Orodha ilitengenezwa mwaka uliopita na kituo cha watoto kikafunguliwa baadaye, ndiyo shida yenyewe.

Hatua ya 5: Andika barua kwa kufuata vigezo

Ili kutoa kibali, San Diego lazima iandike kwamba mambo manne yametimia: mradi hauharibu mpango wa matumizi ya ardhi wa eneo, haudhuru afya, usalama na ustawi wa umma, unafuata kanuni za ujenzi na ardhi, na matumizi hayo yanafaa mahali hapo. Panga barua yako chini ya vichwa hivyo vinne. Ambacho hakiingii popote kitoe, hata kama ni cha kweli.

Kauli kwamba bangi ni haramu kwetu au imeharibu vijana haimo kwenye kigezo hata kimoja, na anayeamua hana ruhusa ya kuitumia. Lakini ukisema, "Njia pekee ya magari kuingia ni uchochoro ambao watoto 40 hupita kila saa nane na nusu mchana; naambatisha picha," umeingia kwenye kigezo cha pili na cha nne kwa pamoja. Wahesabu hao watoto kweli, siku tatu, na uandike tarehe.

Anayeunga mkono afanye vivyo hivyo. Mgonjwa aeleze duka la karibu liko wapi, basi ngapi, dakika ngapi, nauli gani. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika kesi ya chama cha wagonjwa dhidi ya jiji la San Diego, kwamba jiji lilikosea kuamua moja kwa moja kuwa kanuni yake ya maduka haiwezi kugusa mazingira. Hoja mojawapo ya chama ilikuwa kwamba uchache wa maduka huwafanya wagonjwa waendeshe magari mbali zaidi.

Mkazi ambaye hapingi duka lenyewe ila ana wasiwasi aombe masharti. Kwa maoni yangu hii ndiyo barua yenye matunda kuliko zote: taa za maegesho zielekezwe chini, mlinzi abaki dakika 30 baada ya kufunga, kamera iangalie uchochoro. Anayeamua hupenda kupewa kitu anachoweza kukiandika kwenye kibali.

Hatua ya 6: Siku ya kikao

Kibali cha aina hii San Diego husikilizwa kwanza na ofisa mmoja wa usikilizaji, si madiwani. Usiende na hotuba ya kampeni. Ni chumba kitulivu, na mtu anayeamua yuko mbele yako akiandika.

Jaza karatasi ya kuomba kusema ukiingia. Muda wa kawaida ni dakika tatu au pungufu. Sasa sikiliza hili vizuri, kwa sababu wengi wa wazazi wetu hawajawahi kuambiwa: sheria ya California inasema baraza la umma likiweka kikomo cha muda, anayesema kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa kuna vifaa vya kutafsiri papo kwa papo. Mbele ya baraza kama Tume ya Mipango, dakika tatu zinakuwa sita. Mpe taarifa mapema ofisa wa mradi kwamba utasema Kiswahili, na ukifika kwenye maikrofoni mkalimani wako auombe muda huo kabla saa haijaanza kuhesabu. Mzee aseme lugha anayoimudu. Kiingereza cha kubabaisha kinampokonya nusu ya alichokuja kukisema.

Anza na msimamo, kisha kigezo, kisha ushahidi: "Naitwa fulani, naishi mtaa huu. Naomba kibali kikataliwe kwa kuwa kipimo ni futi 940. Ramani iko mbele yako." Ukimaliza, kaa chini hata kama muda umebaki.

Na kila kitu kiwe kimeandikwa pia. Mambo yakifika mahakamani, utabanwa kwenye hoja zilizotolewa kikaoni au kwa maandishi kabla kikao hakijafungwa. Usichokisema hapo umekipoteza.

Hatua ya 7: Rufaa

Uamuzi wa ofisa wa usikilizaji San Diego unaweza kukatiwa rufaa kwa Tume ya Mipango ndani ya siku 10 za kazi. Kuna fomu na kuna ada, kwa hiyo jumuiya ichange kabla ya kikao, siyo baada. Eleza kosa liko wapi: kipimo kimekosewa, kigezo hakina ushahidi, au kuna taarifa mpya. Kwenda mahakamani kupinga kibali kuna ukomo wa siku 90, na ndani ya siku hizo jiji liwe limeshakabidhiwa hati. Hapo unahitaji mwanasheria, tena mapema.

Kama unachotaka ni kubadili sheria yenyewe

Barabara hiyo ni nyingine. Sheria ya zoni hupita Tume ya Mipango, kisha halmashauri, ikasomwa mara mbili, na kwa kawaida huanza kutumika siku 30 baada ya kupitishwa. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla. Angalia pia amri za dharura: kwa kura za madiwani wanne kati ya kila watano, jiji linaweza kusitisha vibali vipya kwa siku 45, kisha kuongeza hadi jumla ya miaka miwili. Miji mingi ya California ilitumia njia hiyo kwa maduka ya bangi ya tiba. Mwombaji aliyekwisha kodi jengo akikutwa na amri hiyo huendelea kulipa pango la chumba kitupu.

Kwa mwenye jengo, mwombaji na anayetafuta kazi

Usisaini pango kabla ya kupata zoni na vipimo kwa maandishi kutoka jijini. Weka kifungu kinachokutoa kwenye mkataba kibali kikinyimwa.

Kama si raia wa Marekani, simama hapa kwanza. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kuhesabiwa dhidi ya tabia njema inayotakiwa kwa mwombaji uraia, hata pale ambapo jimbo limeruhusu. Kufanya kazi kwenye duka lenye leseni zote kumo. Kijana mwenye kadi ya kijani anayeona tangazo la mhudumu wa duka, mshahara mzuri, jengo safi, mlinzi mlangoni, hana namna ya kujua hatari hiyo kwa kulitazama duka. Azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu ya kazi.

Duka likishafunguliwa

Masharti ya kibali ni ahadi kwa mtaa, nawe una haki ya kuyadai. Kanuni ya San Diego ya 2014 ilitaka duka lifanye kazi kati ya saa moja asubuhi na saa tatu usiku, wakati jimbo huruhusu hadi saa nne usiku. Ilitaka kamera, king'ora na mlinzi, taka ziondolewe kila siku, na jina na simu ya dharura ya mwendeshaji vibandikwe vionekane kutoka nje kwa herufi zisizopungua inchi mbili. Ilikataza mashine za kuuzia bangi, na daktari kukaa humo kuona wagonjwa. Jimbo linataka kamera zirekodi saa 24 na picha zitunzwe siku 90. Kwa hiyo ukishuhudia fujo, lalamika mapema kabla rekodi hazijafutwa.

Malalamiko ya mahali, kelele na saa yapeleke kwa idara ya jiji inayosimamia kanuni za majengo. Ya leseni na bidhaa yapeleke DCC, ambayo tovuti yake inakuwezesha kutafuta leseni kwa jina au anwani. Duka lisiloonekana humo halina leseni, hata kama lina msalaba wa kijani, alama ya bangi ya tiba, dirishani. Andika tarehe, saa na ulichokiona, na tunza namba ya lalamiko.

Kibali cha San Diego kilitolewa kwa miaka mitano. Tarehe yake ya mwisho imeandikwa ndani ya kibali chenyewe. Inakili kwenye kalenda ya jumuiya pamoja na namba ya mradi, na kila lalamiko utakalopeleka kuanzia sasa liweke kwenye bahasha moja, kwa sababu siku ya kuomba upya hiyo bahasha ndiyo itakayowekwa mezani.